Zamu ya Mtani Wangu

Mkataba ule niliusoma mara sita. Mara ya kwanza niliusoma kwenye simu, nimesimama nje ya ofisi ya walimu. Mara ya pili niliuchapisha steshenari mjini Nachingwea ili niupigie mistari kwa kalamu nyekundu. Mara nne zilizobaki niliusoma chumbani kwangu baada ya vipindi, mlango nimeufunga kama mtu anayesoma barua ya posa. Ndivyo nilivyo. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, naweza kukaa saa nzima najiuliza kwa nini hakuandika "sawa kaka". Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani bila ajira, nilipoteza karibu mwaka mzima nikifikiria jibu moja nililotoa kwenye usaili, jibu ambalo walioniuliza pengine walilisahau kabla sijafika stendi. Kwa hiyo anayesema nilisaini bila kusoma ananionea. Nilisoma. Kosa langu ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja niliyemwamini kuliko kalamu yangu nyekundu.

Nyimbo zilikuwa tisa. Nilizitunga na kuzirekodi mwenyewe Ruangwa, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba, alichokuwa akihifadhia ufuta. Msimu ulikuwa umekwisha na chumba kilikuwa kitupu, nikatundika magunia ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Nilikuwa na gitaa la mtumba, kompyuta yangu ya chuoni iliyokuwa ikizima kila ikipata joto, na kipaza sauti nilichoazima kwa mshereheshaji wa harusi, kwa sharti la kukirudisha kila Ijumaa kabla ya sherehe za mwisho wa wiki. Ukisikiliza vizuri wimbo wa tatu utasikia kuku. Sikumtoa. Niliogopa kwamba nikimtoa kuku nitatoa na kitu kingine nisichokijua.

Zilipokamilika nilizipeleka kwa jamaa mwenye kibanda cha kurusha nyimbo karibu na stendi ya Ruangwa. Ukimpelekea memori kadi au flashi anakurushia unachotaka: taarabu, singeli, mawaidha, filamu za Kihindi zilizotafsiriwa. Alitengeneza folda, akaiandika jina langu, akaiweka chini ya mawaidha na juu ya singeli. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kutoka kwa albamu yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini ilipofika msimu wa korosho nilikuwa nikipita kwenye foleni za watu wanaosubiri kupimiwa, nasikia simu ya mtu inaimba kwa sauti yangu kutoka mfuko wa shati, na moyo ulikuwa ukinienda mbio mpaka nikabadilisha njia.

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa saba, na haukuwa wangu peke yangu.

Kuna bibi mmoja wa Lionja ambaye ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Kwa msomaji asiye wa kwetu, niseme tu kwamba mtani ana ruhusa ya kukutania kwa maneno ambayo mtu mwingine angeyasema mngepigana, na wewe una ruhusa hiyo hiyo kwake, hata kwenye msiba. Msibani ndiyo hasa. Na hakuna anayeruhusiwa kununa. Utani wetu ulianza kabla ya babu yangu, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Mimi, ambaye kila neno la mtu hunikosesha raha, mbele ya bibi huyu tu ndipo nilipokuwa sijiulizi chochote. Alikuwa akinitukana tangu natambaa. Nikifika kwake alikuwa haitikii hodi yangu kama watu wengine.

"Nani kaacha kinyago mlangoni kwangu?"

"Kimeletwa kikutishe ufe upesi."

"Nikifa mimi nani atakuoa wewe? Na sura hiyo, na shahada hiyo isiyolimika."

Kisha ndipo tunasalimiana.

Mume wake alifariki Januari, wakati wa palizi, mvua zimekolea. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi Nambilanje, miguu ilikuwa inamsumbua, akanituma mimi niende kwa niaba ya ukoo. Njia nzima nilikuwa nawaza. Je, nikikosea? Je, wameshaachana na mambo haya na mimi ndiye ninayefika na ushamba wangu? Je, akilia zaidi? Nilifika siku ya pili ya matanga. Nikamwomba mwanawe koti kuukuu la marehemu, kofia yake, na jembe lake. Nikavaa. Nikatoka nyuma ya nyumba nikiburuta jembe, nikitembea kama alivyokuwa akitembea marehemu, bega moja chini, nikafika mbele ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, nikalala pale pale kivulini, jembe nimelifanya mto.

Nikasema kwa sauti yake, "Jamani, palilieni taratibu. Mimi nimepata safari."

Akina mama waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wengine huku machozi bado yanatoka. Lakini mjane mwenyewe, ambaye waliniambia hakuwa amesema neno tangu mazishi, aliinamisha kichwa. Nilibaki pale chini na jembe la chuma linanibana sikio, nikajua nimemuua. Kisha akainua uso.

"Muacheni alale," akasema. "Akiamka mpeni jembe. Mtaona atakavyorudi kaburini mwenyewe."

Hapo uwanja mzima ulicheka. Mwalimu wa madrasa, asiyependa mambo haya, aliangalia saa yake huku ameziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Jioni ile mjane alikula ugali kwa mara ya kwanza, na alipokuwa akila alinitukana mpaka nikaona aibu ya kweli.

Wimbo ulitoka hapo. Mimi naimba mstari, yeye anajibu. Alikuja Ruangwa kwa mwanawe, ambaye ni dereva wa bodaboda, nikampeleka kwenye chumba cha ufuta. Alisimama mlangoni akatazama magunia.

"Umenileta uniuze pamoja na ufuta?"

"Ufuta una mafuta, wewe huna."

"Nilikuwa nayo. Yote yaliishia kwa yule mvivu wangu."

Alikataa hedifoni juu ya mtandio, akasema zinabana kama mama mkwe. Basi nikamkalisha karibu yangu tukaimba kwenye kipaza sauti kimoja, na mara ya pili tu ikawa imekwisha. Mimi naanza kwa kumwambia marehemu kwamba mvua imenyesha, nyasi zimefika magotini, naye kachagua siku hiyo hiyo kufa. Yeye anajibu kwamba kachagua vizuri, nyinyi mliobaki hai mbona mikorosho yenu haionekani kwa nyasi. Mimi nasema jembe lake lina mpini mpya, halina alama ya mkono. Yeye anajibu kwamba alibadilisha mpini kila mwaka kwa kulima, wa kwenu ni ule ule wa babu yako na mpaka leo unang'aa. Inakwenda hivyo, mimi naongeza, yeye anarudisha, na kila anaporudisha yule mtu anakuwa mkubwa zaidi. Mwishoni gitaa linanyamaza na yeye anasema, haimbi, anasema tu kama anavyoongea na jirani: "Alilima yule. Nyinyi mnaimba."

Wimbo ukaisha hapo. Sikuona la kuongeza.

Sasa nimlete rafiki yangu. Tulilala chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Ndiye aliyekuwa akiniambia "lala, bwana" nilipokuwa nikiamka kuhakiki kama nimeandika namba yangu ya usajili kwenye karatasi ya mtihani iliyokwisha kukusanywa. Alipata kazi kwenye lebo kubwa ya muziki Dar es Salaam, nami nikapata nafasi ya kujitolea kufundisha Nachingwea. Alisikia nyimbo zangu kwa mtu, akanipigia, akasema anakuja. Nilimpokea Nanganga, akashuka kwenye basi la Dar na kiatu cheupe ambacho hadi tunafika kilikuwa chekundu. Alikaa siku tatu. Nikampeleka Lionja.

Huyu bibi si mtani wake, lakini alimfanya mtani papo hapo.

"Hii miguu ni yako au umeazima kwa safari?"

"Ni yangu, bibi."

"Basi kaa chini, usiichoshe. Itakatika nitaambiwa nimeua mtoto wa watu."

Rafiki yangu alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Alikula mihogo kwake, akamrekodi kwenye simu akinisema mimi, akamwita mchumba. Tukiwa tunarudi aliniambia, na naikumbuka hata sehemu ya barabara tuliyokuwa, "Huyu bibi ndiye albamu yako, mzee. Wewe ni mpiga gitaa tu." Nilifurahi kuliko kama angenisifu mimi.

Mkataba ukaja baada ya wiki chache. Lebo ilitaka kuitoa albamu upya, nyimbo zote tisa, nchi nzima. Nilimtumia rafiki yangu maswali kumi na manne. Mengi yalikuwa ya kijinga, najua. Niliuliza hata jina langu litaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Lakini moja halikuwa la kijinga. Kulikuwa na kifungu kilichosema kampuni ina haki ya kupunguza, kuongeza na kubadilisha chochote kwenye rekodi. Nilikipigia mistari miwili. Nikamuuliza, je, na wimbo wa saba? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ambao bado ninao: "Acha wasiwasi wako wa chuoni. Hicho kifungu kipo kwenye mikataba yote. Watasafisha makelele tu, yule kuku wako ataondoka. Bibi haguswi. Nakuahidi mimi, achana na kampuni."

Nikasaini.

Kifungu kingine kilitaka toleo la zamani liondolewe kila mahali. Nilikwenda mwenyewe Ruangwa kwenye kile kibanda. Jamaa alifungua folda, akanitazama.

"Hata ule wa bibi, mwalimu?"

"Zote."

"Huo wanauulizia kila siku."

"Utatoka mwingine. Huo huo, ila msafi."

Akabonyeza, na folda yenye jina langu ikaondoka, mawaidha yakakaa moja kwa moja juu ya singeli. Kisha, kwa sababu furaha ilikuwa imenizidi na sikuwa nimeizoea, nikaenda Lionja kumwambia mtani wangu kwamba sasa atasikika mpaka Dar.

"Dar wana masikio?" akasema. "Mimi nilidhani wana vioo tu."

Lakini nilimwona alivyofurahi. Aliwaambia wenzake anaosoma nao darasa la Kurani la akina mama. Alimwambia mwanawe siku wimbo ukitoka amletee simu nyumbani, iwe na chaji kamili. Alianza hata kulalamika kwamba angejua angesema maneno makali zaidi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu, nimemwahidi kwa mdomo wangu jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeahidiwa tu na mtu.

Wimbo ulitoka siku ya kazi. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, mwalimu mwenzangu wa Jiografia akaweka simu yake mezani.

"Mwalimu, si wewe huyu?"

Nilikuwa mimi. Sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko ninavyoijua, pana, kama nimeimba ndani ya msikiti mkubwa. Ngoma zimeongezwa, kuku hayupo. Wimbo wa saba walikuwa wameuweka wa kwanza. Nikaimba kwamba mvua imenyesha, nyasi zimefika magotini, nawe umechagua siku hiyo kufa. Nikasubiri. Pale alipokuwa anajibu ikapigwa filimbi. Filimbi nzuri, sitasema uongo. Kisha nikaimba kuhusu mpini mpya usio na alama ya mkono. Filimbi tena. Mstari baada ya mstari nikamsikia kijana mwenye sauti ya kujiamini akimcheka mzee aliyekufa, na hakuna mtu yeyote anayemwambia nyamaza. Mwishoni, mahali pa "Alilima yule", walikuwa wameweka kicheko changu kilichotoka sijui wapi, labda kwenye majaribio, na ngoma zikaondoka nacho.

"Wimbo mkali," alisema mwalimu wa Jiografia. "Huyo mzee alikuwa mvivu hasa, eeh?"

Nilitoka nje nikampigia rafiki yangu. Alipokea haraka, mwenye furaha.

"Umeona? Wa kwanza kwenye albamu. Nimekupigania huo."

"Bibi yuko wapi?"

"Bibi nani?"

"Usinifanyie hivyo. Bibi wa Lionja. Majibu yake yako wapi?"

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, ofisi.

"Sikiliza. Sauti yake ilikuwa inagombana na mdundo. Tulijaribu. Mmejirekodi kipaza sauti kimoja, huwezi kumweka sawa. Na mtu wa huku hamwelewi anachosema, lafudhi ile, anameza maneno. Wewe uko wazi."

"Bila yeye ni matusi."

"Ni utani, bwana. Watu wanajua."

"Watajuaje? Utani una watu wawili."

"Unawaza sana. Kila siku nakwambia."

"Uliniahidi bibi haguswi."

"Niliahidi, ndiyo." Kisha akasema jambo ambalo bado sijui kama lilikuwa uungwana au ukatili. "Bora usikie kwangu. Kwenye kikao walikuwa hawajaamua. Mimi ndiye niliyesema mtoeni. Niliona wimbo utafika mbali zaidi, na wewe ungefika nao. Nilikufikiria wewe."

Nilikata simu. Alikula mihogo yake, nikawa najiambia. Alimwita mchumba. Kama angekuwa mtu asiyemjua ningeelewa. Mtu asiyemjua angekuwa amefuta kelele kwenye rekodi. Yeye alimfuta mtu aliyemwandalia mkeka. Nikausikiliza tena ule ujumbe wake wa sauti, bibi haguswi, nikatafuta kama kulikuwa na kusita mahali, pumzi, chochote ambacho ningepaswa kukisikia. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anaongea kama rafiki.

Wimbo ulifika mbali, katika hilo alikuwa sahihi. Watu walianza kutengeneza video. Mtu anavaa koti kubwa, anashika jembe kinyumenyume, anaanguka na kujifanya amekufa, wenzake wanacheka. Kila video ilikuwa ni mimi msibani, ila bila msiba. Niliandikia kampuni barua pepe ndefu mno, nikaifupisha, nikairefusha, nikaituma. Wakajibu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Toleo la zamani sikuruhusiwa kulitoa popote, na pale lilipokuwa nilikuwa nimeliondoa kwa mkono wangu. Lilibaki kwenye simu yangu na kompyuta yangu tu.

Mwana wa bibi, yule wa bodaboda, alinipigia wiki ya pili. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Kaka, pale kijiweni wananiita mtoto wa mpini mpya," alisema. "Mimi nimezoea, nacheka nao. Ila mama keshausikia. Aliutaka, nikampelekea."

"Akasemaje?"

"Hajasema. Ndiyo maana nakupigia."

Nilipaswa kuondoka siku ile ile. Lionja si mbali na Nachingwea, bodaboda ingenifikisha kabla ya adhuhuri. Badala yake nilikaa wiki tatu nikitunga maneno. Nilijiambia mtani hanuni, ndiyo sheria, kwa hiyo hawezi kuninunia. Nilijiambia niende Jumamosi, kisha nikaona Jumamosi atadhani nimesubiri siku ya mapumziko. Nilikwenda kwanza Nambilanje kwa bibi yangu, nikidhani atanipa dawa ya jambo hili, labda kuna faini, labda kuku, labda maneno fulani ya wazee ya kufungua. Bibi alikuwa anachambua mbaazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemtukana mume wake?" aliuliza.

"Ndiyo. Lakini kwa utani, kama zamani."

"Hilo halina neno. Mtukane hata kesho." Akapepeta, akatupa makapi. "Yeye akajibu nini?"

"Walimtoa, bibi. Hakujibu."

"Basi ulimnyima zamu yake. Hiyo mimi sijawahi kuiona. Dawa yake siijui."

Nikaenda Lionja. Njiani nilipanga nianze mimi, kwa ukali, nimpe neno ambalo hataweza kuliacha bila kulirudisha, kwa sababu niliamini akirudisha mara moja tu, hata kwa hasira, tutakuwa tumepona. Nilisimama mlangoni.

"Hodi kwa mla panya. Umebakiza mkia hata mmoja?"

Alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, au labda mimi ndiye niliyekuwa nimemkuza.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pita kivulini, jua kali."

Sikuwahi kuitwa mwanangu na mtu yule. Nilisimama pale, mguu mmoja ndani. Akaniletea kiti, akakipangusa kwa upindo wa khanga. Sikuwahi kukaa kwenye kiti kwake, tulikuwa tunagombania mkeka. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Akaniuliza hali ya bibi yangu na miguu yake. Akaniuliza wanafunzi wanasoma, akasema kazi ya ualimu ni nzito. Aliniuliza yote ambayo mtu mwema humuuliza mgeni.

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu mkataba, kifungu, rafiki yangu, ahadi. Niliongea sana, na jinsi nilivyokuwa nikiongea ndivyo nilivyosikia kwamba kila sentensi inaanza na mimi. Alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Yule mwenye miguu myembamba," alisema.

"Huyo huyo."

"Alikuwa mcheshi."

Sikuona tusi lolote likifuata.

"Mimi mambo ya simu siyajui," alisema baadaye. "Mwanangu aliniletea, wakaja na wenzangu wa darasa, tukakaa hapa. Ukaimba mstari wa kwanza. Nikawaambia wenzangu, haya sasa, nisikilizeni, nakuja. Nikafungua na mdomo. Ikalia filimbi. Nikasema labda wamenisogeza mbele, ntakuja kwenye mpini. Ukaimba mpini." Akaondoa kijiti kwenye mkeka. "Wenzangu walikuwa wananitazama mimi, hawaitazami simu. Mpaka ukaisha."

"Ninao ule wimbo wa zamani," nilisema. Nilikuwa nimeshatoa simu. "Upo wote. Nikuwekee usikie."

Nikabonyeza kabla hajajibu. Gitaa langu bovu likaanza, na kuku wa mjomba kwa mbali, maana alikuwa ameingia hadi humo. Sauti yangu ikaimba mvua imenyesha.

"Zima, mwanangu," alisema kwa upole. "Huo naujua. Mimi niliyasema ili yule mtu asibaki na maneno yenu peke yake. Sasa amebaki nayo, na wanaoyasikia ni wengi kuliko waliomzika. Mimi na wewe tukisikiliza hapa wawili, itamsaidia nini?"

Nikazima. Nikasema nitaandika tena kwa kampuni. Nikasema nitatunga mwingine, yeye ndiye aanze, mimi nijibu, au nisijibu kabisa. Akasema sawa. Nilimsikiliza alivyoitamka, kama ninavyosikiliza sawa zote, nikatafuta chuki au hasira, chochote cha kushika. Ilikuwa sawa ya mtu asiyetaka kumchosha mgeni.

Nilipoaga aliingia ndani akatoka na mfuko wa karanga, amezimenya tayari. Kwetu mtani hapewi kitu. Mtani akitaka karanga anajaza mfuko mwenyewe huku unapiga kelele za mwizi, na akiondoka bila kuchukua kitu ndipo unajiuliza kama kuna ugomvi. Alinipa kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Msalimie bibi yako. Mwambie nimeshukuru kwa kukutuma."

Bibi yangu hakunituma, lakini sikusema. Nilipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia asante. Akasema karibu tena, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama na mimi mpaka bodaboda ikapatikana, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu amembeba mwalimu.